Anayetoka Nje ya Chumba

Milava, Nebraska
2 Februari 1986

Dada Verna,

Salamu kutoka kwetu sote. Sisi wazima, theluji imefika kwenye madirisha, na mke wangu LaVonne amechoka kuniona ndani ya nyumba kutwa. Mama nilikwenda kumwona Jumapili kule nyumba ya wazee. Alinitambua, kisha akaniambia nimenenepa, kwa hiyo akili yake haina neno. Mwanetu Curt anakusalimu na anashukuru kwa chingamu. Kijana ana miaka ishirini, mabega yake hayapiti mlangoni, lakini akiona mwandiko wako kwenye bahasha anaichana kabla sijavua kofia. Ulimzoesha mwenyewe tangu darasa la kwanza. Barua zako mimi nazisoma wa pili, tena nyumbani kwangu.

Sasa lililoniketisha mezani. Nimesikia Shirikisho la Vyuo vya Nyanda limekuita uwatengenezee mtoano, bingwa wa futiboli apatikane uwanjani badala ya mabwana wa Shirikisho kuchagua mezani timu mbili tu za fainali. Nilicheka mpaka LaVonne akaja kuuliza kulikoni. Wewe! Mwalimu wa hesabu, uliyekuwa ukisoma kitabu jukwaani wakati mimi navunjwa pua! Lakini baada ya kucheka nikasema heri wewe kuliko wale mabwana.

Unakumbuka yaliyonipata Novemba iliyopita. Nafasi ya fainali ilikuwa moja, tunagombania vijana ninaowafundisha hapa chuo cha Milava na wale wa chuo cha Tabor Fork. Kwotabeki wao, mrusha mpira wa timu, alikuwa amevunjika mfupa wa bega, hawezi hata kurusha taulo, na kocha wao akafumba mdomo. Kulikuwa na mtu wao mezani siku ya kuchagua. Zamu yao ilipofika akatoka nje kwa heshima zote, mikono nyuma kama mchungaji kanisani, na hakuna aliyemuuliza kitu. Wakachaguliwa wao. Fainali ikawa aibu, wakafungwa kama watoto, na vijana wangu wakaiangalia kwenye televisheni wamevaa soksi.

Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja tu, Dada. Anayetoka nje ya chumba aulizwe kwanza. Aulizwe anachokijua, na aseme kweli. Ukiweka hilo, mengine panga unavyotaka.

Mdogo wako,
Duane


Des Moines, Iowa
23 Machi 1986

Duane mdogo wangu,

Usininunie kwa kuchelewa. Nilipata mafua yaliyokataa kuondoka, halafu mitihani ya wanafunzi, halafu paka wa jirani akazalia ndani ya buti langu. Mpe Mama busu. Mwambie nimejaribu kuoka kolache, vile vikate vya plamu, kwa namna yake na zimetoka ngumu kama kawaida yangu. LaVonne asiache kutumia ile dawa ya kifua. Chingamu ya Curt imo, mwache aitafune kwa amani.

Nimekubali kazi yao. Nilianza na hesabu tupu: umemshinda nani, na huyo uliyemshinda alimshinda nani. Nikaandika ubao mzima. Mabwana wa Shirikisho wakautazama, wakakohoa, kisha mwenyekiti, Bwana Engstrom, akaniambia, "Mama, ubaya wa hesabu ni kwamba haina mtu wa kumlaumu." Wanataka watu chumbani. Basi tumekubaliana hivi: timu nne, wa kwanza na wa nne, wa pili na wa tatu, washindi wakutane Jumamosi inayofuata. Wachaguzi sita mezani, na mimi mmoja wao.

Ombi lako nimeliandika karibu neno kwa neno. Mjumbe akiwa na mwajiri au ndugu katika timu inayojadiliwa, atatoka nje. Kabla hajatoka, anaweza kuulizwa jambo la hakika, si maoni yake, na atajibu anachokijua.

Umefikiri lakini, Duane? Wa kwanza mwenye ndugu ni mimi. Kikao cha kupitisha sheria ni Mei. Ukiniambia nikifute kifungu hicho nitakifuta, na hatutakizungumza tena.

Dada yako,
Verna


Milava
6 Aprili 1986

Dada,

Sisi wazima. Mama mzima. Buti litupe, harufu ya paka haitoki.

Usikifute. Ukikifuta nitakuja huko na trekta. Mimi sina cha kuficha na sitakuwa nacho. Wanaoogopa swali ni akina Tabor Fork.

Duane


Milava
26 Oktoba 1986

Dada Verna,

Salamu kabla sijaanza kujisifu, maana nikianza sitamaliza. LaVonne amevuna mahindi ya bustani yote peke yake na ananikumbusha kila akipata nafasi. Mama ameanza kumwita Curt kwa jina la marehemu Baba. Curt anaitika tu, hamkatizi. Mimi ingenishinda.

Vijana wangu, Korongo wa Milava, hawajafungwa msimu huu, Dada. Hata mara moja! Mjini watu wameweka vibao vya Korongo kwenye nyua zao, kinyozi hachukui pesa yangu, na mchungaji anafupisha ibada tukiwa na safari. Curt ndiye moyo wa timu. Anauona uwanja kabla mpira haujamfikia mkononi. Nasema hivi kama kocha. Kama baba nazuia machozi, nisije nikachekwa.

Nyuma yake nina kijana wa akiba, Merle Zabka, mtoto wa muuza mbolea. Kijana mwema. Anashika kibao cha ishara kando ya uwanja vizuri sana. Mpira anaurusha kama anatupa takataka ya jirani, na ninamwombea azeeke na hicho kibao mkononi.

Njoo Sikukuu ya Shukrani. Njoo na kolache zako ngumu, tutazitumbukiza kwenye kahawa. Najua Jumapili yake mnakaa kuchagua timu nne, na najua utatoka nje zamu yetu ikifika. Toka tu. Mwaka huu hatuhitaji kubebwa na mtu.

Duane


Des Moines
1 Desemba 1986

Mdogo wangu Duane,

Asante kwa bata mzinga, asante kwa kitanda, na mwambie LaVonne ile shali nimeisahau kwenye kiti cha ukumbini. Mama alifurahi tulipomleta mezani. Chingamu ya Curt nimeitia humu, ingawa najua leo hana hamu ya kutafuna kitu.

Najua umeshasikia kwenye redio. Nilitaka unisikie na mimi.

Jana ilipofika zamu ya Milava nilisimama, nikachukua mkoba. Bwana Engstrom akaniambia nisubiri. Akauliza, "Bibi Sedlacek, kwotabeki wa Milava umemwona juma hili. Yukoje?" Nilisimama pale, Duane, nikakukumbuka wewe na trekta lako. Nikasema nilichokiona Alhamisi baada ya chakula: Curt alipanda ngazi za nyumbani kwa makalio, mgongo mbele, mguu mmoja ameunyoosha, akijivuta kwa mikono. Sikuongeza neno. Chumba kizima kikanyamaza kwa namna ambayo wakati ule sikuielewa. Kisha nikatoka, nikakaa kwenye korido karibu na mashine ya soda. Waliponiita, timu nne zilikuwa ubaoni na Milava haikuwamo.

Liko na jingine, lakini liache lilivyo.

Nakupenda na ninaumia.
Verna


Milava
10 Desemba 1986

Verna,

Hapa tu wazima, kama unajali.

Ulikula bata mzinga wangu. Ulilala kwenye shuka za mke wangu. Ulimtazama mwanangu akijivuta ngazini, ukashika mdomo kwa huruma, LaVonne amekuona. Kumbe ulikuwa unakusanya habari! Ungesema hujui. Neno moja tu. Ungesema macho yako mabovu, na kweli ni mabovu. Nani angekusuta?

Goti liliumia mechi ya mwisho, ndiyo. Lilivimba, ndiyo. Daktari wa mjini angelichoma sindano, Curt angevaa kile chuma cha kubana goti, na angecheza. Yeye mwenyewe alitaka kucheza. Na hata kama asingeweza, nani aliwaambia mniamulie? Hakuna aliyeniuliza mimi, Verna. Mimi baba yake, mimi kocha wake! Wamekuuliza wewe, usiyejua mpira unashikwaje.

Tabor Fork wamechukua nafasi ya nne. Tabor Fork! Kocha wao amenitumia kadi ya Krismasi.

Vijana wa mwaka wa mwisho hawatavaa tena zile jezi. Nilisimama mbele yao kwenye chumba cha kubadilishia nguo, nikawaambia ni goti la Curt, na ni mtu wa ndani aliyemwaga mtama. Sikukutaja jina. Sikuhitaji, mji huu mdogo.

Usije Krismasi.

D. Sedlacek


Des Moines
18 Januari 1987

Duane,

Heri ya mwaka mpya, kwako na kwa nyumba yako. Nilikwenda kumwona Mama tarehe kumi, nikapita nje ya kwenu bila kusimama. Taa ya jikoni ilikuwa inawaka. Mama ameniuliza mbona wewe na mimi hatuji pamoja. Nikamwambia barabara mbaya.

Umeandika kwamba hakuna aliyekuuliza. Nimeisoma sentensi hiyo tena na tena, nikitumaini nimesoma vibaya. Sitasema kitu juu yake.

Goti la Curt mpelekeni Omaha, kwa daktari wa mifupa. Achaneni na huyo wa sindano.

Chingamu yake imo.
Verna


Des Moines
15 Machi 1987

Duane,

Hujajibu, basi naandika tena. Huku theluji imeyeyuka na uwanja mzima ni matope. Mimi sijambo. Paka mmoja kati ya wale wa buti amehamia kwangu rasmi, anaheshimu saa za kula kuliko wanafunzi wangu.

LaVonne amenipigia simu, usimgombeze. Ameniambia Curt amekuwa akizunguka vyumba vya bwenini na magongo, mlango kwa mlango, anawaomba msamaha wale wa mwaka wa mwisho. Anasema wamekosa mtoano kwa sababu yake. Mmoja alimfungia mlango usoni. Merle Zabka, yule wa kibao, ndiye aliyemrudisha chumbani.

Mtoto anabeba kitu kisicho chake. Mwambie si goti lake lililowatoa. Mwambie wewe, baba yake. Mimi naomba hilo tu. Nikimwambia mimi itabidi nimweleze na sababu, na hiyo sababu si ya shangazi kuieleza.

Verna


Milava
24 Mei 1987

Verna,

Salamu. Mama alianguka bafuni lakini hakuvunjika. Mahindi yameota vizuri. Nimemaliza habari za familia.

Curt amepasuliwa Omaha mwezi wa tatu. Nyuzi zote za goti zilikuwa zimekatika. Daktari kasema angepigwa mara moja zaidi asingetembea sawa tena maisha yake. Nakuandikia hili kwa kuwa LaVonne amenilazimisha, si kwamba nakushukuru. Hukuwa unamwokoa, ulikuwa unajibu maswali ya wakubwa zako.

Umeniambia nimwambie si goti lake. Ni nini basi, kama si goti lake? Ni goti lake na mdomo wa shangazi yake. Ndivyo nilivyomwambia na ndivyo ilivyo. Kijana akiubeba uchungu wake kiume atakomaa.

Sasa furahia hii. Juzi makocha wote tumekutana kuupitia upya huo mtoano wako. Nimesimama nikaomba kile kifungu kiondolewe: anayetoka nje atoke kimya, asiulizwe kitu. Wengi wamenyoosha mkono. Kocha wa Tabor Fork amenyoosha wa kwanza, kisha akaja akanipa mkono, na nikaupokea. Engstrom peke yake ndiye aliyebisha, na alinitazama vibaya sana, sijui kwa nini. Kwa hiyo mashine yako nimeing'oa jino. Nimewaambia hivi mbele ya wote: "Mtoano haujengwi na mtu anayemuuza mtoto wa ndugu yake." Walicheka. Wamekucheka wewe, Verna.

Novemba usijisumbue na safari. LaVonne anakwenda kwao.

D.


Des Moines
7 Juni 1987

Duane,

Nafurahi Mama hakuvunjika. Nafurahi kwa mahindi. Mwambie Curt nimemwombea kila siku kwa ajili ya hilo goti.

Nilikuwa nimeamua kuzikwa na hili. Sasa umesimama mbele ya watu ukawachekesha kwa jina langu, ukampa mkono yule mtu, na mtoto bado anagonga milango ya watu kuomba radhi. Basi sikiliza.

Ulipigiwa simu. Jumamosi jioni, kabla ya kikao, Engstrom alikupigia kutoka hotelini. Mimi sikujua. Alinifuata Jumapili kwenye maegesho ya magari, kila kitu kimekwisha, akanieleza akiwa ameshika kofia mkononi, kwa sababu alinionea huruma. Walikuwa na tetesi za goti tangu siku ya mechi, Duane. Hakuna aliyehitaji mdomo wangu kwa hilo. Na walikuwa wameshakubaliana chinichini: timu isiyofungwa msimu mzima haiachwi nje, hata ikija na kijana wa akiba. Hata ikija na Merle Zabka na kibao chake. Jina lenu lilikuwa la nne. Engstrom alikupigia kwa ustaarabu tu, akusikie ukisema kweli, basi aende akalale.

Ukamwambia ni mkwaruzo. Ukamwambia Curt anapanda ngazi mbilimbili asubuhi na jioni.

Ngazi, Duane! Kwa nini ulitaja ngazi? Ungetaja kitu kingine chochote duniani. Mimi nikaja kesho yake, sijui hili wala lile, nikasimama na mkoba wangu nikawaambia mtoto anapanda ngazi zile zile kwa makalio. Ndiyo maana chumba kilinyamaza. Nilipotoka wakasema mtu anayetudanganya kwenye simu hatutamweka kwenye mtoano wa kwanza wa Shirikisho, na mwaka jana tumeaibika kwa uongo wa namna hii hii. Jina lenu likafutwa.

Halikuwa goti. Haukuwa mdomo wangu. Kama ungesema kweli mngecheza, Merle angerusha takataka zake, pengine mngefungwa, na Curt angekuwa kando ya uwanja na magongo yake, anawashangilia wenzake, hana deni na mtu.

Kifungu ulichokiondoa kilikuwa kitu pekee katika kazi yangu kilichotoka kwako. Nilikuwa najivunia. Nilikuwa nawaambia watu hapa, hiki ni cha mdogo wangu.

Ukishasoma, ichome. Mtoto mwambie mwenyewe. Nakuachia hilo kwa kuwa bado u mdogo wangu, hata kwa hasira hii.

Verna


Milava
19 Juni 1987

Dada,

Mama hajambo. Amekuulizia.

Barua yako ilifika Jumatano, mimi niko nyuma ya nyumba nakata majani. Curt ndiye aliyekwenda kwenye sanduku la barua kule barabarani. Siku hizi anatembea na fimbo moja. Uliweka chingamu, Dada. Kwa hasira zote zile, mkono wako ukaweka chingamu.

Nilipoingia jikoni nilimkuta amekaa, amekunjua barua mezani, amelaza viganja vyake juu yake kana kwamba kuna upepo. Chingamu iko pembeni, hajaifungua. Nilingoja apige kelele. Ningejua la kufanya na kelele, nimeishi nazo maisha yangu yote. Hakupiga.

Akasema, "Baba, walikupigia simu?"

Ni hilo tu alilouliza, Dada. Jambo la hakika, si maoni yangu. Nikamtazama mwanangu, kisha nikatoka nje ya chumba.

Duane